Mpira wa Maji wa Madrasa: Kwa Nini Tunanunua Kila Mwaka?



Ndugu wazazi na wanafunzi, huenda mkashangaa kuona walimu wa madrasa wakiandika juu ya mpira wa kumwagilia. Lakini kwa miaka mitatu tumenunua mipira mitatu kwa michango yenu, na wa tatu nao umekwisha. Michango ni amana, basi tumeona ni vyema tueleze ilikokwenda, kisha tutoe rai yetu kabla kamati haijanunua wa nne.

Mpira huo ndio unaojaza birika la udhu na kumwagilia mchicha na miche ya mipapai nyuma ya darasa. Wa kwanza ulikakamaa ukapasuka. Wa pili ulivimba kama nyoka aliyemeza panya, ukatoboka usiku. Tulipofika Alfajiri uwanja ulikuwa ziwa, na bili ya mwezi ule ililipwa kwa pesa iliyokusudiwa juzuu za watoto. Hilo limetuuma mpaka leo. Wa tatu ulikatika pale unapoungana na bomba.

Tulimlaumu muuza duka. Kwa haki yake, kosa kubwa lilikuwa letu.

Mipira mingi ya bei nafuu ni ya plastiki iitwayo PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, ndiyo ile ya mabomba ya majumbani, ila hutiwa vilainisho ili ipindike. Miale ya jua huila plastiki yenyewe, na joto huvitoa vilainisho kidogo kidogo, mpaka mpira urudi kwenye ugumu wake na kufanya nyufa. Hapa Bujumbura jua ni kali mwaka mzima, nasi tuliuacha mpira uwanjani kiangazi kizima!

Wa pili tuliuua kwa namna nyingine. Tulifunga ncha, tukaacha bomba wazi. Msukumo wa maji ukabaki ndani mchana na usiku, na plastiki iliyopashwa moto hulainika, ikatanuka mahali palipo dhaifu. Bomba lifungwe kwanza, kisha maji yaliyobaki yamwagwe.

Na wa tatu? Watoto wetu wana mchezo wa kuukunja mpira maji yasimame, kisha kumwachia mwenzao usoni. Nasi tulicheka. Kila mkunjo huacha alama, na alama ndiyo huwa ufa. Hata hivyo mpira uliokatika karibu na bomba haujafa: kata shibiri moja, rudisha kiungo, kaza kwa klipu. Sisi tuliutupa mzima, mita thelathini, kwa ajili ya shibiri moja.

Wapo katika kamati wanaotaka tena ule wa bei ndogo, kwa hoja kuwa pesa hakuna. Hatukubaliani nao. Anayenunua na atazame ncha iliyokatwa: akiona tabaka moja tupu, auache, akiona nyuzi zilizosukwa katikati ya tabaka mbili, huo utahimili msukumo. Ule wa raba halisi huvumilia joto na mikunjo zaidi, ila ni mzito na ghali. Tunapendekeza wenye nyuzi, na viungo vya shaba badala ya plastiki. Tena kutoka bombani hadi kwenye mipapai ni mita kumi na tano tu. Nusu ya urefu wa zamani inatutosha, na bei itapungua.

Jambo moja la afya. Mwaka 2012 kituo cha Ecology Center cha Michigan, Marekani, kilipima mipira ya bustani na kukuta risasi na kemikali nyingine katika mingi yake. Basi watoto wasinywe humo, hasa maji yaliyolala juani. (Wanafunzi wa fiqhi watatukumbusha karaha ya maji mushammas kwa Mashafii; hiyo ni mas-ala ya vyombo vya madini, sisi hapa tunasemea afya.)

Wanafunzi wa darasa la juu wamekubali kuuzungusha mpira kila baada ya Alasiri na kuutundika chini ya paa, kwenye ringi kuukuu ya gari, maana msumari mtupu huukunja. Ringi fundi jirani ameshatupa. Kilichobaki ni kamati kuamua Ijumaa hii.