Njia ya Mwongo ni Fupi: Acheni Kurudisha Mita za Pikipiki Kwenye Sufuri

Wasomaji wangu, leo naomba mnivumilie. Mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu mbovu na intaneti ya mwendo wa kobe. Leo nalalamika kuhusu pikipiki. Lakini msiondoke, maana ugonjwa ni ule ule.

Habari yenyewe ni hii. Nyumbani Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, tuna Yamaha DT175 ya miaka ya sabini. Ilikuwa ya mjomba wangu. Alikuwa afisa wa mifugo, na kwa pikipiki hiyo alizunguka Kajiado akichanja ng'ombe wa watu. Alipostaafu ikawekwa kibandani, na kwa miaka mingi kuku wakawa wanalala juu ya tangi. Mwaka jana nilimwomba anipe niifufue. Akakubali kwa sharti moja: "Iendeshwe. Usiifanye picha ya ukutani."

Injini haikunisumbua kama nilivyoogopa. Kilichonisumbua ni mita. Pikipiki hii ina mita mbili mbele ya usukani: spidomita inayoonyesha mwendo, na takomita inayoonyesha mizunguko ya injini. Zote mbili zilikuwa taabani. Vioo vimekuwa vya rangi ya chai, nyuso zimepauka kwa jua, mishale iliyokuwa myekundu imekuwa myeupe, na vumbi letu la Kimuka, mnalijua wenyewe, limepita kila penye upenyo. Ndani ya spidomita, katika lile dirisha dogo la odomita, tarakimu zilikuwa zimesimama hapa: 61,842.

Nikazipeleka mjini kwa fundi mmoja niliyesifiwa sana. Akazigeuzageuza mkononi, akasema: "Bosi, hii ni kazi ya siku moja. Napiga rangi, naweka kioo kipya, na hizi namba narudisha sufuri. Itakuwa kama imetoka dukani leo. Hata hiyo ya sufuri sikutozi."

Nikamuuliza, kwa nini sufuri? Akanitazama kama mtu asiyejua mambo ya mjini. "Sasa bosi, unataka watu wajue imezeeka?"

Nikafunga mita zangu kwenye gazeti, nikarudi nazo nyumbani. Na tangu siku hiyo nina hasira, ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane mita ni kitu gani. Spidomita ya aina hii ni uvumbuzi wa Mjerumani Otto Schulze, wa mwaka 1902, na ni kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Gurudumu la mbele linazungusha kebo. Kebo inazungusha sumaku. Sumaku imefunikwa na kikombe chepesi cha aluminiamu, lakini havigusani hata kidogo. Sumaku inapozunguka inazalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, na umeme huo unakifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kuna springi nyembamba kama unywele inayokizuia. Mwendo ukizidi, kikombe kinavuta zaidi, na mshale uliofungwa kwenye kikombe unapanda. Hakuna betri wala programu, na hakuna cha kuapdeti.

Mhimili ule ule unaozungusha sumaku ndio unaosukuma giya ndogo zinazogeuza tarakimu za odomita. Kwa hiyo mna vitu viwili ndani ya kopo moja. Mshale unasema ya sasa hivi, na ukisimama unasahau kila kitu. Odomita haisahau. Kwa lugha ya kazi yangu, mshale ni skrini, na odomita ni logi, yaani daftari ambalo mashine inajiandikia yenyewe kila ilichofanya.

Sasa niulizeni, katika kazi yetu ya kompyuta, nani anafuta logi ya seva? Mhandisi mwaminifu hafuti. Seva ikianguka usiku, kitu cha kwanza anachotafuta ni logi, ajue kilichotokea. Anayefuta logi ni yule aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na anaifuta kwa sababu ina ushahidi. Basi niambieni tofauti ya mtu huyo na yule anayerudisha odomita kwenye sufuri na kuiita kazi hiyo ukarabati.

Najua mtakavyonijibu, maana nimeyasikia yote.

Wa kwanza atasema: "Lakini injini imefunguliwa yote, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Si ni mpya sasa?" Hapana, ndugu yangu. Injini ni mpya, lakini fremu ni ile ile, yenye zile weldingi zake. Habu za magurudumu ni zile zile, na shingo ya usukani haijapata ujana kwa sababu pistoni imebadilishwa. Odomita haihesabu umri wa pistoni. Inahesabu njia ambayo pikipiki nzima imepita.

Wa pili atasema: "Mimi siuzi, ni ya kwangu, nifanye nitakavyo." Leo huuzi. Je, mwanao? Je, atakayemuuzia yeye? Uongo ulioandikwa kwenye mita hauendi na wewe kaburini. Unabaki pale kwenye usukani ukimsubiri mtu asiyekujua.

Na mtu huyo ana mifupa. Binamu yangu alinunua pikipiki kuukuu "iliyofufuliwa", ikisoma kilomita elfu nne na kidogo. Mita inang'aa kama kioo cha kinyozi. Aliamini namba, hakufungua injini, kwani nani anafungua injini ya kilomita elfu nne? Beringi ya kombeo ilikwama kwenye mteremko wa kwenda Suswa, gurudumu la nyuma likakakamaa, akaanguka. Alivunjika mfupa wa bega, na msimu mzima hakuweza kuinua ndoo ya maji. Fundi aliyeifungua baadaye alisema beringi ile ilikuwa imekwisha zamani sana. Kilomita zake zilikuwepo. Mtu alizificha tu.

Wa tatu, na huyu ndiye anayeniudhi zaidi, atasema: "Kila mtu anafanya." Haya, tuzungumze kuhusu kila mtu. Sote tunaijua gorogoro sokoni, ile iliyopigwa nyundo kwa chini ili mahindi yajae haraka. Mama anayepimiwa na gorogoro hiyo anaibiwa, na kila mtu anaita wizi. Mizani ya muuza nyama inakaguliwa na kupigwa muhuri, maana Kenya tuna sheria ya mizani na vipimo. Lakini mita ya pikipiki ikipigwa nyundo, tunaita usafi!

Au mmesahau mwaka 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika na matatu zikalazimika kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa? Haikuchukua muda tukaanza kusikia habari za vidhibiti vilivyochezewa. Kifaa kipo, kinaonekana, cheti kipo, na gari linaenda mia na ishirini. Hicho ni kibaya kuliko gari lisilo na kidhibiti kabisa, kwa sababu abiria anakaa kwa amani asiyostahili kuwa nayo. Kipimo kilichokufa kinakwambia wazi kwamba hakijui. Kipimo kinachodanganya kinakwambia kinajua.

Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, nchi imejaa pikipiki. Watu wanaishi kwazo, wanabebana kwazo kwenda hospitali na shule. Nyingi zinauzwa mkono wa pili, wa tatu, wa nne. Logibuku inataja namba ya chesesi na ya injini, lakini ukitaka kujua imetembea kiasi gani, shahidi wako ni odomita peke yake. Na shahidi huyo tunamlisha maneno.

Wenzetu waliliona hili mapema. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1972 kukataza kurudisha odomita nyuma. Na tazameni busara ya sheria ile: kama mita imeharibika na haiwezekani kuirudisha kwenye namba yake ya kweli baada ya kutengenezwa, basi iwekwe sufuri, lakini ibandikwe karatasi kwenye mlango wa gari ikisema ilisoma ngapi kabla na ilitengenezwa lini. Kwa maneno mengine, sufuri yenyewe si dhambi. Dhambi ni kuinyamazia. Sisi nasi tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayokataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Sijui kwa nini tunadhani inahusu maduka makubwa tu.

Sasa nisiwe mtu wa kulalamika bila kuonyesha. Hivi ndivyo nilivyofanya mimi.

Nilipiga picha kila hatua. Nikainua ile pete ya bati inayofunga kioo, taratibu, kwa bisibisi butu, nikizunguka kidogo kidogo. Nikaskani uso wa mita kabla ya kuugusa, kisha nikauchora upya kwenye kompyuta na kuuchapisha kama stika, herufi kwa herufi. Mshale niliupaka rangi nyembamba sana, kwani rangi nzito huuongezea uzito na kuuvuruga. Springi na kikombe sikuvitia mafuta hata tone. Nilisafisha kwa brashi laini tu. Kebo niliipaka grisi, nikaacha sehemu ya juu iliyo karibu na mita ikiwa kavu, maana grisi hupanda na kebo hadi ndani na kuharibu kila kitu.

Halafu nikafanya kitu ambacho waandishi wa programu hatuachi kukifanya: majaribio. Kwenye spidomita nyingi za Kijapani kumeandikwa kwa maandishi madogo kwamba kilomita 60 kwa saa ni mizunguko 1400 ya kebo kwa dakika. Nikafunga kebo kwenye drili, nikaizungusha mwendo huo. Mshale ukasimama kwenye 60. Nilipiga kelele hadi mbwa wakabweka.

Lakini barabarani mambo yakawa mengine. GPS ya simu inasema 60, mita inasema karibu 64. Mita nimeshaipima na ni nzima, basi kosa liko wapi? Nikaenda kutazama gurudumu. Pikipiki hii ilitoka kiwandani na gurudumu la mbele la inchi 21. Hili lilikuwa na rimu ya inchi 19! Nikamuuliza mjomba, akacheka: rimu ya kwanza ilipinda korongoni zamani, akafungiwa iliyopatikana. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Nikapiga hesabu: tofauti ni kama asilimia 6, na ndiyo ile 64.

Hapo mpinzani wangu atafurahi. "Kumbe hata hiyo 61,842 yako si ya kweli!" Ndiyo, si ya kweli kamili. Odomita imezidisha kidogo tangu rimu ilipobadilishwa. Lakini sasa najua imezidisha kwa kiasi gani na kwa sababu gani, na naweza kusahihisha. Namba yenye kosa linalojulikana bado ni habari. Namba iliyofutwa hairudi. Kama kuna kitu kimoja nimejifunza katika kazi hii ya kompyuta, ni hicho.

Basi nikatafuta rimu ya inchi 21, na tarakimu nikaziacha palepale zilipokuwa. Chini ya kiti nimebandika karatasi ndani ya plastiki: mita ilifunguliwa lini, ilisoma ngapi, rimu gani ilikuwepo, rimu gani ipo sasa. Atakayeinunua siku moja, hata kama hanijui, ataisoma.

Siku nilipomaliza, mjomba alikuja, akavaa miwani, akainama juu ya usukani. Hakutazama rangi wala kioo. Alitazama zile tarakimu. Nikamwambia, mjomba, hiyo ni sawa na kuizunguka dunia mara moja na nusu. Akasema, "Na sikutoka Kajiado." Kisha akaanza kunitajia maboma, moja baada ya jingine, na ng'ombe wa kila boma. Nikafikiria yule fundi aliyetaka kunifutia yote hayo bure.

Kwa hiyo, wewe unayenunua: ukiona pikipiki ya miaka arobaini inasoma kilomita elfu nne, usifurahi, uliza. Odomita ya tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi yenyewe kwenye sufuri, na hilo si kosa la mtu. Lakini muuzaji akuambie, na akuandikie. Wewe fundi: tengeneza mshale utembee, kioo kionyeshe, kebo isikwaruze, na namba ziache. Na wewe mwenye pikipiki unayeona aibu kwa kilomita zako, niambie, aibu ya nini? Imekubeba.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye mita iliyochezewa ni fupi kabisa: kilomita sufuri.