Mimea pekee haitasafisha Owino Uhuru

Chai ya Kericho tunaijua sisi Wapwani, maana huteremka hadi mnada wa Mombasa ikielekea ng'ambo. Tusilolijua wengi ni kwamba mchai wa Sigowet na vilima jirani hufyonza alumini kutoka kwenye udongo wenye asidi, na kuilimbikiza zaidi katika majani yaliyokomaa. Bahati njema, wachumaji huchuma majani mawili machanga na chipukizi lake.

Tabia hiyo ya mimea ndiyo iliyowapa wataalamu wazo la kusafisha udongo uliochafuliwa na metali nzito. Unapanda haradali au alizeti, inafyonza sumu, unaing'oa na kuitupa mahali salama. Ni njia rahisi kwa bei, nayo hupendeza macho.

Lakini je, itafaa Owino Uhuru?

Katika mtaa huo wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, kikaacha madini ya risasi katika udongo na katika damu za watu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru pia udongo na maji yasafishwe. Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Fidia huzungumzwa sana, udongo husahaulika. Na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anaweza kuja na miche, akapiga picha, kisha akasema kazi imekwisha.

Risasi si kama alumini ya mchai. Hushikamana na udongo wa juu, na mizizi huifyonza kidogo mno. Hata ile inayoingia, nyingi hubaki mizizini, haipandi kwenye majani. Kusafisha kwa mimea pekee kungechukua miaka mingi, pengine vizazi. Zipo kemikali za kuilegeza risasi ili mimea iifyonze haraka, ila zinaweza kuisukuma hadi kwenye maji ya visima. Na mmea uliofyonza sumu ni taka yenye sumu: ukiliwa na mbuzi au ukichomwa kama kuni, sumu inarudi nyumbani.

Mtoto anayecheza mchangani hana miaka hiyo ya kungoja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Basi mpango wa haki uanze kwa kupima udongo ploti kwa ploti, matokeo yasomwe barazani. Penye sumu kali, udongo uchimbwe na kuondolewa, au ufunikwe. Kisha ndipo nyasi zipandwe kuzuia vumbi. Na hadi vipimo vitoke, mchicha na sukuma wiki visilimwe katika udongo ule.

Mimea ni msaidizi tu. Amri ya mahakama haikuelekezwa kwa alizeti; ina wenyewe, nao wanajulikana.