Samadi mbichi siyo rafiki wa viazi vitamu

Leo nasema jambo ambalo baadhi yenu hapa Runazi hamtalipenda: siyo kila samadi inayotoka zizini inafaa kwenda moja kwa moja kwenye tuta la viazi.

Naanza na kosa langu. Nilipokuwa mgeni kazini nilimshauri kijana mmoja aweke samadi nyingi, nikijua ni mbolea ya asili, haina madhara. Aliweka mbichi, ya siku chache. Marando yalistawi, kila aliyepita njiani alisifia. Siku ya kuvuna, chini kulikuwa na mizizi myembamba kama vidole. Alikuwa amekodi shamba kwa hela ya kukopa. Sijasahau.

Sababu ni naitrojeni. Ikizidi, mmea unajenga majani badala ya kujaza viazi. Kiazi kinahitaji sana potasiamu, na hiyo ipo kwenye majivu ya jikoni tunayomwaga kila asubuhi.

Kwa hiyo iozesheni kwanza. Rundika samadi na mabaki ya mazao, funika kwa majani ya migomba, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi, choma kijiti katikati ya rundo. Kikitoka cha moto, subiri. Ikiwa imepoa na inanukia udongo, imeiva. Debe moja linatosha kama mita 10 za tuta, na majivu kidogo juu yake.

Najua mtaniuliza: "Bwana shamba, shamba ni la kukodi, nimwekee mwenye shamba mbolea ya bure?" Swali ni la haki. Jibu langu: acheni kukodi msimu mmoja mmoja. Kodini angalau miwili, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Vuli weka samadi kwenye mahindi, masika panda viazi palepale vile kilichobaki. Mbolea moja, mavuno mawili, na mwenye shamba hajakuzidi akili.

Mbolea za dukani sizipingi. Lakini kijana anayeuza samadi ya nyumbani halafu anakopa anunue mfuko, hesabu zake zina shida.

Anzeni na matuta matano tu, pimeni wenyewe. Karibuni kwa maswali.