Usilipie jina la i7

Kila anayetaka kompyuta hapa Kibati huanza na swali lile lile: "Papa, hii ni i5 ao i7?" Swali hilo limewaneemesha wauzaji wa mitumba kule Goma. Wanabandika kibandiko cha i7 kwenye laptopu kuukuu, bei inapanda, na kijana anarudi kwa pikipiki akiamini amenunua mashine yenye nguvu kuliko i5 ya mezani aliyoiacha dukani. Mara nyingi iliyobaki dukani ndiyo iliyokuwa bora.

Nichukue prosesa mbili za Intel ambazo bado zinauzwa sana katika mitumba. Core i7-7500U ya laptopu ilitoka 2016 na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Core i5-6500 ya mezani ilitoka mwaka mmoja kabla yake, nayo ina vinne. Ya kwanza imepangiwa wati 15, ya pili wati 65. Ukitazama kasi ya juu iliyoandikwa utadanganyika, maana zinakaribiana: gigahezi 3.5 kwa 3.6. Ukweli umejificha kwenye ile herufi U ya mwisho, inayowekwa kwenye prosesa za laptopu nyembamba zilizobanwa zisile umeme mwingi. Zenye H ni za laptopu nene, na kwa miaka mingi zilipangiwa wati 45.

Kwa kuandika barua au kufungua picha hutaona tofauti yoyote. Mimi lakini nafanya montaji ya video za harusi, na harusi za kwetu hazina haraka: mahari, kanisa, ukumbi, zawadi, hotuba za wajomba. Siku ya kutoa video nzima, laptopu inaanza kwa mbio, feni inalia, halafu kasi inashuka na kubaki huko chini mpaka mwisho. Haijaharibika. Imeundwa kuvuka kiwango chake cha wati kwa muda mfupi, kisha inarudi kwenye 15 zake. Ile ya mezani ina bamba kubwa la kupoza na feni yenye nafasi ya kuvuta hewa, kwa hiyo inaenda mwendo ule ule saa nzima. Baridi ya mlimani inatusaidia kidogo, ila vumbi jeusi la lava linaziba feni za laptopu vibaya sana, na kuifungua laptopu ili kuipangusa si kazi ya kila mtu.

Basi wote tununue za mezani? Hapana, na hapa ndipo wanaobishana kwa namba tupu wananichosha. Chaja ya wati 45 inatosha laptopu nyembamba nzima, pamoja na kioo na kuchaji betri, wakati prosesa peke yake ya mezani inaweza kula zaidi ya hapo ikifanya kazi nzito. Anayetegemea paneli moja ya jua na betri ya gari hana haja ya kusikia habari za viini vinne. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inazima na kazi ambayo hujahifadhi inapotea.

Tena sisi tunaishi chini ya volkano ya Nyiragongo, kwenye barabara ya Rutshuru. Mwaka 2008 Kibati ilikuwa kambi ya wakimbizi wa vita. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka na kuikata barabara hiyo. Januari 2025 mapigano yalipofika Goma, mji ulikaa bila umeme. Mwanafunzi mwenye TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo, ndani ya laptopu anaitia mgongoni na kuondoka. Sijaona mtu akikimbia na kompyuta ya mezani na kioo chake.

Kwa hiyo ninachopinga ni jina kuuzwa badala ya nguvu. Mwaka 2017 Intel ilitoa i5-8250U, ya laptopu pia, ya wati 15 zile zile, lakini yenye viini vinne. Hiyo i5 inaiacha mbali i7-7500U kwenye montaji, na dukani bado utakuta i7 ikiwa ghali zaidi kwa sababu ya saba yake. Apple nao walitoa M1 mwaka 2020, wakaitia kwenye MacBook Air isiyo na feni hata moja, na inazishinda kompyuta nyingi za mezani za zamani. Bei yake tuwaachie wenye mishahara ya mashirika.

Muuzaji aandike namba yote ya prosesa kwenye bei. Asipoandika, wewe iwashe kompyuta, isome namba hiyo mwenyewe, kisha chomeka yuesibi yenye video ndefu, uanze kuibadilisha pale pale dukani, ukae nusu saa ukiangalia kasi inavyoshuka. Wauzaji wa Birere, kule Goma, wameshaninunia kwa ajili ya nusu saa hiyo. Mmoja alichoka kunitazama nikiwa nimekalia kiti chake, akapunguza bei.