Sikio Si Jalala la Mitumba

Shati la mtumba likimpwaya mnunuzi, fundi cherehani hulipunguza, na mambo yakaisha. Kifaa cha usikivu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine si shati. Nguvu yake ilipangwa kwa kipimo cha masikio ya mwenyewe wa kwanza. Mtoto akivishwa bila kupimwa, ama hakitamsaidia kitu, ama kwa ukali wa sauti kitamharibia hata usikivu mdogo aliobakiwa nao.

Hata hivyo, wapo wafadhili, na viongozi wanaowapokea kwa vigelegele, ambao huhesabu vifaa vilivyogawiwa, si watoto wanaosikia. Picha zikishapigwa, betri huisha baada ya wiki moja au mbili, na kifaa huishia kabatini. Mwalimu humwona mwanafunzi yule yule amekaa kimya, akamwita mzito wa kuelewa.

Hakuna asemaye vifaa hivyo vitupwe. Visafishwe, vikaguliwe, virekebishwe kwa kipimo cha mtumiaji mpya, na kipande kiingiacho sikioni kifinyangwe upya kwa umbo la sikio lake. Kazi hiyo yataka wataalamu, betri na fungu katika bajeti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotungwa Tanzania mwaka 2010, yazungumzia haki. Na haki haigawiwi kama makombo ya karamu.