Ni mwalimu yupi afukuzaye darasa lake?

Watangazaji wetu wa kandanda humwita mkufunzi wa timu "mwalimu". Hawakosei. Neno hilo na "elimu" ni ndugu wa asili moja ya Kiarabu, na anayeitwa hivyo amekabidhiwa watu ili awafunze. Ndiyo sababu kisa cha Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kinatuhusu sisi tushikao chaki, ijapokuwa mpira wa huko una umbo la yai na hubebwa mikononi.

Mnamo Desemba 2022, chuo hicho kilimwajiri Deion Sanders, mchezaji mashuhuri wa zamani, kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 29.5. Timu aliyoirithi ilikuwa imeshinda mchezo 1 na kushindwa 11. Katika mkutano wa kwanza aliwaeleza vijana waziwazi kwamba analeta watu wake, akawahimiza wajiandikishe kuhama. Zaidi ya wachezaji 50 waliondoka kabla ya msimu kuanza.

Msimu wa 2023 ulifunguliwa kwa vifijo. TCU, waliokuwa wamefika fainali ya kitaifa msimu uliotangulia, walilazwa 45-42, na michezo mitatu ya kwanza yote ikawa ya ushindi. Kisha Oregon wakawacharaza 42-6. Mbele ya Stanford waliongoza 29-0 kufikia mapumziko, wakashindwa 46-43. Walimaliza kwa kushinda 4 na kushindwa 8. Mwaka 2024 walishinda 9. Mwaka 2025, nyota wao walipokwisha kwenda katika ligi ya kulipwa, wakashinda 3 tu.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Indiana. Huko Curt Cignetti aliwasili na wachezaji 13 kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifunza awali, na timu iliyoshinda michezo 3 mwaka 2023 ikashinda 11 mwaka 2024. Naam, njia hii yaweza kuleta sifa na vikombe. Lakini hoja yangu si kikombe. Hoja yangu ni jina.

Vyuo vya Marekani huwaita vijana hawa wanafunzi-wanamichezo. Jina hilo lilienezwa na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, katika miaka ya 1950, kwa hofu kwamba mchezaji aliyeumia angehesabiwa mfanyakazi na kudai fidia. Huko huko Colorado, mwaka 1957, mahakama ya juu ya jimbo ilimnyima fidia mjane wa mchezaji aliyefariki kwa jeraha la uwanjani. Basi fidia ilipodaiwa, mchezaji alikuwa mwanafunzi; ushindi ulipokosekana, aliondolewa mithili ya kibarua. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Huenda sasa kila mtu akaitwa kwa jina lake.

Anayeajiri na kufuta ni meneja, na umeneja si aibu. Mwalimu, hata hivyo, hupimwa kwa wale aliowakuta.

Nasi tusiwacheke Wamarekani. Katika shule zetu wamo wakuu ambao, mtihani unapokaribia, humshauri mwanafunzi dhaifu akajisajili kwingine ili wastani usiporomoke. Wamo pia wanaonyakua wachezaji wa shule jirani msimu wa mashindano unapobisha hodi. Wastani hupanda, kikombe hupangwa kabatini, na yule aliyehitaji mwalimu kuliko wote yuko nje ya lango na sanduku lake kichwani.

Kwa hiyo matokeo yajayo yatakapobandikwa, tusiulize tu shule imepanda nafasi ngapi. Tumuulize mkuu wake: walioanza pamoja walikuwa wangapi, na waliofika mwisho ni wangapi? Akishindwa kutujibu, tumpongeze kwa umeneja wake, lakini jina la mwalimu tumwekee mwingine.