Shujaa aliyefunika uso? Huku Kwale tunamjua

Juzi usiku maskani yetu ya Ukunda, bodaboda zimeegeshwa, mvua imegoma kuisha, jamaa mmoja akafungua kwenye simu filamu ya Thailand inayoitwa Red Eagle. Ni ya 2010, ila kwetu ilikuwa mpya kabisa. Vichwa vitano kwenye kioo kimoja. Kila yule jamaa wa kinyago chekundu akimmaliza fisadi, maskani nzima inashangilia. Hata mimi nilishangilia, sitawadanganya.

Kwa ambao hamjaiona: Red Eagle ni shujaa wa kitambo huko Thailand. Nyota wao mkubwa, Mitr Chaibancha, aliigiza nafasi hiyo mara kadhaa, hadi Oktoba 1970 alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya kamba ya helikopta wakirekodi, akafa. Sisi tunasemaga steringi hafi. Huyo alikufa kweli. Miaka 40 baadaye mwongozaji Wisit Sasanatieng akamfufua shujaa huyo, safari hii akiigizwa na Ananda Everingham: mwanajeshi wa zamani anayetegemea morfini kutuliza maumivu, na usiku anawawinda wakubwa walioishinda sheria.

Mapokezi yalikuwa mchanganyiko. Wapo waliopenda mapigano, wapo waliosema ni ndefu mno, maana inapita saa 2, halafu inaishia hewani kama inayongoja sehemu ya pili. Sehemu hiyo haikuja. Sawa, malalamiko yana haki. Langu mimi ni jingine: ile shangwe yetu.

Mtu aliyefunika uso, anakuja usiku, anaamua nani afe. Jamani, huku pwani ya kusini huyo si mtu wa sinema. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakageukia raia. Wengi walikuwa wamelishwa kiapo na kufanya mazoezi kwenye msitu wa Kaya Bombo, hapa hapa Kwale. Waliambiwa wanapigania ardhi na kazi za wenyeji. Na kilio cha ardhi kilikuwa cha kweli. Lakini waliokufa ni akina nani? Majirani, wapangaji, watu wa bara waliokuwa na vibanda vyao. Watalii wakakimbia, hoteli za Diani zikafuta watu kazi, wakiwemo wenyeji wale wale waliokuwa wakipiganiwa.

Kuna na wazee wetu wanaouawa Kwale na Kilifi kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba la urithi. Muuaji naye anajiona mtetezi wa familia. Na Desemba 2024, si tuliona vijana wakitekwa na watu waliofunika nyuso, baada ya picha za kejeli za Rais kusambaa mtandaoni? Kinyago hakichagui upande. Leo kimevaliwa na unayempenda, kesho kinakuja kwako.

Nilipoyasema haya maskani, rafiki yangu akanirukia: "Na kesi ikilala kortini miaka kumi, tufanyeje?" Swali zito. Mimi mwenyewe niliwahi kuripoti wizi wa simu, nikaambiwa nirudi kesho, na hiyo kesho haijafika. Hasira naielewa.

Lakini jibu limo ndani ya filamu yenyewe. Waziri mkuu wake aliingia madarakani akiahidi kupinga kinu cha nyuklia, alipokalia kiti akageuka. Anayemkabili ni Vasana, mwanaharakati waliyekuwa naye pamoja zamani. Hana kinyago wala panga. Anasimama mchana, jina lake linajulikana. Sisi tulikuwa tunapeleka mbele sehemu zake ili tufike kwenye mapigano!

Na Vasana wetu tunao. Serikali ilipotaka kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, kule Kilifi, wavuvi na akina mama walipeleka malalamiko bungeni, na Mei 2024 wakaingia barabarani. Polisi waliwatawanya kwa nguvu. Hawakujificha. Mwaka 2025 serikali ikaanza kuangalia upande wa Siaya. Sisemi ni wao peke yao waliofanya hivyo, lakini hakuna aliyechinjwa usiku ili sauti yao isikike.

Zamu yetu imefika. Uchimbaji wa titani hapa Kwale ulisimama mwisho wa 2024, na ile ardhi itakuwa ya nani, itafanyiwa nini, ni jambo litakaloamuliwa kwenye vikao. Vikao hivyo vinachosha. Viti vya plastiki, hotuba ndefu, soda moja ya moto. Wengi wetu hatuendi, halafu jioni tunakaa maskani kungoja steringi.

Kikao kijacho kikiitwa, mimi nitaenda, na uso wangu wazi. Wewe je?